Ngazi

Redio ilisema jalidi itashuka baada ya saa sita usiku,
na miaprikoti yetu pale Isfara ilikuwa imechanua juzi tu,
myeupe, imejiachia, kama watoto wasiojua deni la nyumba.

Mama hakuketi.
Alikokota nyasi zilizolowa, matairi mawili mabovu
ya trekta la jirani Zokirjon,
akayapanga upande unakotoka upepo, akawasha.
Miche michanga akaivika mablanketi,
na mablanketi yalipokwisha, mche wa mwisho
akauvika koti la baba, lile alilolisahau
alipopanda treni kwenda kujenga maghorofa ya Warusi.
Mimi nilishika kurunzi na kipimajoto.
"Soma." Mbili.
"Soma." Sifuri.
"Soma." Nikanyamaza. Akaelewa.

Saa tisa moto ukamaliza tairi la pili.
Akaniagiza ngazi ya darini.
Tukaipasua kwa shoka, kidato kwa kidato, tukaichoma.
Nikamwonyesha mlango wa zizi.
Akautazama kitambo.
"Huo ni wa mbuzi," akasema, "nao wanasikia baridi."

Kisha akanawa masizi, uso, mikono hadi viwiko,
kwa maji ya mfereji yaliyouma kama nyuki,
akasali rakaa mbili juu ya gunia.
Nilingoja amlilie Mungu. Hakulia.
"Yangu nimemaliza," alisema. "Hata ngazi umeiona.
Yaliyobaki mkono wangu hauyafikii."
Akaingia ndani, akalala.

Nilighadhibika.
Nilidhani kutumaini ni kukesha,
kuikodolea zebaki macho mpaka iniogope.
Nikabaki nje na kurunzi inayofifia,
nikilinda kisicholindwa na mtu,
huku dirishani ukitoka mkoromo wake,
mkoromo wa mpangaji
aliyekwisha kumrudishia mwenye nyumba funguo.

Watu huniuliza, mlivuna mwaka ule?
Upande wa mfereji matawi yaliinama kwa uzito.
Upande wa barabara hatukupata hata tunda la kuonja.
Mche wenye koti ulikufa. Koti lipo.

Leo ni Jumatano. Majibu ya daktari ni Ijumaa.
Dawa nimemeza, damu nimetoa,
ng'ombe nimeuza, dada nimemwambia ukweli.
Nimetafuta nyumba nzima: hakuna ngazi nyingine.

Nazima taa.