Anayesimama Nyuma Kabisa

Mpira uko kule, yadi ishirini na tano mbele yangu.
Vijana wameinama pande mbili kama wanaotafuta pete mchangani,
na mimi niko huku, karibu na uzio wa michongoma,
ambako hata muuza kashata hafiki.

Watu wa Chumbageni huniuliza:
"Mwanasha, umeadhibiwa?"
Siwalaumu. Huu mpira wa yai umeingia Tanga juzi,
umekuja na mwalimu mmoja wa ufundi na mipira minne iliyochunika,
na uwanja tumeupima kwa kamba ya katani
niliyoiomba kiwandani, nikaipiga fundo kila yadi kumi.
Fundo la saba lilikosewa.
Tulilifungua usiku, kwa meno.

Kazi yangu ni hii:
asipatikane mtu nyuma yangu.
Akikimbia wa mwisho, mimi nimeshakimbia,
kinyumenyume, kisigino kikipapasa nyasi
kama mkono unaotafuta kiberiti gizani.
Ukishauona mgongo wake, umechelewa.

Kila wakijipanga, nahesabu.
Mhina huhesabu kwa kidole. Mimi kwa mafungu,
nne, nne, tatu,
vile nilivyohesabu marobota bandarini miaka kumi na minane
na msimamizi akiniambia, "Andika tu, mama, yametimia."
Hayakutimia. Sikuandika.
Kumi na mmoja: nanyoosha ngumi kumwelekea Mhina.
Naye hunyoosha yake, kutoka pembeni kule.
Ndiyo salamu yetu, na inatosha.

Tena nimefundishwa nisiutazame mpira.
Hilo lilinichukua mwaka mzima.
Mpira ukiwa hewani uwanja wote unainua shingo,
hata askari wa zamu, hata mtoto wa mgongoni;
mimi natazama mikono:
nani kamshika nani jezi,
nani kasukuma kwa kiwiko kisha akakificha kiwiko.
Mpira una macho mia tatu.
Mikono ina yangu tu.

Jumamosi ile walikuja vijana wa Pongwe.
Wetu wako nyuma pointi nne, saa imebakiza pumzi moja,
na yai likarushwa juu, refu,
likija upande wangu, upande usio na watu.
Chini yake anakimbia Shebughe,
mtoto wa dada yangu, niliyemkata kucha za kwanza.
Nilikuwa nimeshafika mstari wa mwisho. Nilimsubiri.
Aliruka. Alilidaka kwa vidole, nilivisikia vidole.
Halafu mguu wa kushoto ukatua,
na chokaa ikatimka.

Kidogo. Kama vumbi la chaki
mwalimu anapofuta tarakimu moja.

Kanuni yasema: usiinue mikono
kabla hujayapata macho ya mwenzako.
Nikamtafuta Mhina. Alikuwa amezibwa na miili miwili;
akatikisa kichwa: hakuona.
Watu walishaingia uwanjani na vigelegele,
ngoma ya mtu ikalia mara mbili, ikasita.

Nikapitisha mikono mbele ya kiuno,
mara moja, tena mara ya pili,
kama anayefagia makombo mezani.
Haikushikwa. Haipo.

Yaliyotupwa siyataji. Chupa moja ilikuwa na maji bado.
Dada yangu Mwanaidi hakusema lolote,
alikunja mkeka wake, akaukunja tena,
ukawa mdogo mno kwa mkeka.

Usiku Shebughe alikula kwangu, kama kila Jumamosi.
Alisifu samaki. Samaki alikuwa na chumvi nyingi.

Asubuhi nilikuta viatu vyake kibarazani,
cha kulia kina tope la jana,
cha kushoto kimesuguliwa soli yake
hadi kwenye mishono, kinang'aa.
Sikuuliza.
Nikavihesabu: viwili.
Vimetimia.