Matanga ya Malindi

Nilisema jino.
Jino la nyuma, la chini, limeoza hadi mzizi,
na Lamu nzima hakuna mkono wa kuling'oa.
Mume wangu akanipa nauli bila kuniangalia,
kama afanyavyo kila kitu tangu arudi Salala
na sanduku la manukato
na mwili mwepesi kama kanzu iliyoanikwa.

Langoni huwezi kupiga chafya
bila mtu wa Mkomani kukuombea rehema.
Vichochoro vyetu ni vyembamba: siri ikikutana na punda,
mmoja wao lazima arudi kinyumenyume.
Ndiyo maana damu yangu niliivusha Mokowe alfajiri,
nikaipakia basi, ikatikiswa Witu,
ikaulizwa kitambulisho Minjila,
ikashuka Malindi jua la utosi
mbele ya mlango wa kijani usio na maandishi.

"Hapa hatuiti majina," alisema Kanze, muuguzi.
"Wewe ni kumi na saba."
Nikashukuru. Sikujua nambari
yaweza kumsitiri mtu kuliko buibui.

Akanichoma kidole cha pete. Tone likasita,
kama mgeni aliyefika barazani bila kualikwa,
kisha likaingia kwenye kijishimo cha kile kipande cheupe.
"Hiki hakimtafuti mdudu mwenyewe," akaeleza.
"Kinatafuta kingamwili, askari
ambao mwili huwatoa akishaingia."

Askari siwajui. Mimi najua paka.
Usiku nyoka akipenya uani, humwoni;
unaona paka watano juu ya ukuta, manyoya wima.
Basi kipimo kilikuwa kinapita uani kwangu
kikihesabu paka.

Dakika kumi na tano. Nenda kakae kwenye benchi.

Kwenye benchi, nambari tisa.
Nikabu, soksi za mikono, kimya.
Lakini mguu wa kushoto: kidole gumba kimekwenda upande,
kile kilichoangukiwa na mbuzi ya kukunia nazi
wiki ya harusi yangu. Mimi ndiye niliyeiangusha.
Na udi ule, karafuu kupita kiasi,
Lamu yote anauchanganya mtu mmoja.

Mavyaa.

Mavyaa aliyeondoka jana kwenda matangani.
Mavyaa wa matanga kila miezi mitatu:
binamu, shangazi wa kambo, jirani wa zamani,
hata nyumbani tukawa tunaulizana
hawa watu wa Malindi wanakwisha lini.

Hakushtuka. Alifungua mkoba,
akatoa bati la halua, akalitikisa mara moja.
Halua haisemi hivyo.
"Tangu marehemu," akasema. "Kile mlichoambiwa kifua.
Miaka tisa nameza. Nimeizika Malindi nzima, mwanangu,
na mimi nimenenepa."
Nikacheka. Wallahi nilicheka, mle ndani,
na machozi pia, nikabu ikanywa vyote.

"Na wewe, nani amekufia?"
"Jino."
"Jino ni moja tu. Mara ya pili utakuja na nini?
Ungechagua matanga. Matanga hayaishi."

Kumi na saba.

Mstari mmoja. Paka wamelala.
Lakini Kanze hakutabasamu haraka.
"Mumeo amerudi lini?"
Wiki tatu.
"Basi bado sijui, na wewe hujui.
Huenda hakuna kitu. Huenda kimeingia juzi
na mwili haujasikia.
Rudi baada ya miezi mitatu. Na yeye mlete."

Mavyaa alikuwa mlangoni akihesabu nauli ya watu wawili.
"Miezi mitatu," nikamwambia.
"Kuna bibi mmoja Maweni," akasema, "mzee sana.
Sijawahi kumuua. Tumtumie huyo."

"Na mwanao? Yeye aje kwa matanga ya nani?"

Hakujibu.
Tulipita Garsen, tukapita Minjila.
Basi lilipofika Witu, kwenye mashimo,
alikuwa bado amelishika lile bati kwa mikono miwili
lisilie.