Picha Arobaini za Kitu Hakuna

Lenzi nimeifuta mara tatu. Vumbi bado lipo.
Si kwenye kioo cha mbele: limo ndani, juu ya jicho la kamera,
chembe ndogo kuliko yai la chawa,
na kila picha inaichora pete ya kijivu,
alama ya kikombe cha chai kwenye meza ya watu.
Pembe nne nazo zimefifia.
Galaksi ya Pembetatu nimeiweka katikati
ya giza nililolitengeneza mwenyewe.

Dawa inajulikana: piga picha ya mwanga mtupu,
mweupe, sawa kote, usio na nyota wala habari,
kisha igawe picha yako kwa picha hiyo,
kosa likutane na kosa, yamalizane.

Mwanga mtupu, basi. Unauzwa wapi?

Mwaka jana nilitumia anga la alfajiri
na fulana nyeupe ya enzi za karakana ya mabehewa,
nikaivuta mdomoni mwa darubini,
nikaikaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli.
Bure kabisa. Ila alfajiri ya Zselic haimngoji mtu:
sasa hivi mwanga ni haba, ukipiga chafya umefurika,
na ukungu unapanda kutoka mizabibu ya Böszörményi
kuja kuuliza unafanya nini.

Budapest kuna paneli ya wataalamu,
fremu ya chuma, kidhibiti cha mkononi,
forinti laki moja na elfu thelathini.
Pensheni yangu iliisoma bei ile ikakohoa.
Nikatazama nyingine. Na nyingine. Wiki tatu.
Borbála akauliza kama natafuta mke wa pili.
Mchagua nazi hupata koroma, najua,
lakini koroma ni koroma, hii ni nuru.

Mwishowe, Kaposvár, duka la vifaa vya shule,
kati ya gundi na bikari:
ubao wa kunakilia michoro, mwembamba kama daftari,
waya wake wa kuchajia simu, elfu sita mia tano.
"Wa mjukuu?" akauliza muuzaji.
Nikasema ndiyo.
Uongo ule ulikuwa kweli kabla ya Jumapili.

Rahisi huvunja upishi; huu ulijaribu.
Kitufe cha chini kabisa, na bado kamera inapofuka.
Nikafupisha muda, ikaleta mistari, milia ya pundamilia,
maana taa zake hupepesa, jicho letu halijui.
Nikaweka karatasi. Ya pili. Ya tano.
Mwanga ukatulia kama maziwa birikani,
sekunde mbili, hakuna milia.
Nilicheka peke yangu kibandani, saa kumi usiku.

Mchana ubao ni wa Zselyke, miaka saba.
Usiku ni wangu. Ndiyo mapatano,
yameandikwa kwa kalamu ya nta, yapo jokofuni,
yameshikiliwa na sumaku.

Jumamosi nikapiga arobaini. Kamera ikataka
muda zaidi kidogo, nikailaumu baridi.
Asubuhi Zselyke akaja analia: farasi wake hayupo.
Tukamkuta kwenye karatasi zangu, ya tatu kutoka juu,
penseli nzito, kwato nne, mkia umepakwa ukapakika.

Nikazifungua picha, nikazivuta hadi punje ya mwisho.
Hakuna kwato. Hakuna mkia.
Farasi mzima alisimama mdomoni mwa darubini
usiku wote, hakuacha hata unywele.
Na chembe ile, isiyofika uzito wa pumzi,
imekaa pale pale na pete yake,
kwa sababu imeligusa jicho karibu.

"Umemfuta," akasema Zselyke.
Nikamwambia hapana, yumo, amegawanyika kila mahali.
Akaniangalia kama Borbála anavyoniangalia,
akachukua karatasi yake,
akaniachia nne.