Mgeuza Kurasa

Kila Mei, barafu ya mto Emajõgi ikishasahaulika,
tunapiga kura ndani ya sanduku la tromboni:
jina moja, karatasi moja, ikunjwe mara mbili.
Tuzo ni sahani ya kioo
na fedha za kutosha kuni za msimu mmoja.

Miaka iliyopita walishinda wenye kusikika.
Heldur wa honi, aliyepuliza akiwa na homa
mpaka shati likamganda mgongoni.
Yule dada wa zumari, sauti moja tu peke yake,
na ukumbi mzima ukasahau kukohoa.
Walistahili. Sina kinyongo.

Mwaka huu niliandika Vaike.

Mimi naye, viola safu ya mwisho,
tunasoma kinara kimoja mwaka wa ishirini na sita,
kama watoto wa kitabu kimoja darasani.
Desturi ni ya kale: akaaye kiti cha ndani ndiye mgeuzaji.
Ukurasa ukikaribia kwisha hushusha upinde,
huinuka kidogo, hushika ile pembe iliyochakaa,
fyu,
nami naendelea kama kwamba hakuna aliyenyamaza.

Fanya hesabu basi.
Noti nne hapa, sita pale,
kila ukurasa, kila tamasha, kila mazoezi ya Jumanne.
Ziko sehemu za muziki huu
ambazo Vaike hajawahi kuzikanyaga.
Anazijua kama ujuavyo chumba cha jirani,
kwa kusikia ukutani.

Meya alipomwita alisema, "mpiga fidla wetu."
Ni viola. Hakumsahihisha.
Alipanda jukwaani na viatu vya mpira,
maana mvua ilinyesha na vile vyeusi
vilikuwa bado chini ya kiti, ndani ya mfuko wa mkate.
Akaombwa aseme neno.
"Asanteni. Nani atanishikia hiki kioo?
Kazi bado, nami nahitaji mikono yote miwili."

Tukaingia sehemu ya pili.
Ukurasa ulipofika ukingoni
niliona mkono wake unaanza safari.
Nikauwahi.
Mimi, ambaye sijawahi,
vidole vimekakamaa kama vya mkwe mezani.
Nikageuza mbili kwa pamoja.

Alicheka kwa mabega tu.
Karatasi iliyo mbele yetu ilikuwa ya wimbo mwingine kabisa,
nami nimepotea, upinde hewani,
lakini yeye alizipiga zile noti sita
akinitazama mimi.
Ya tano iliteleza kidogo.
Hakuna aliyesikia. Mimi nilisikia.

Kisha akanyoosha mkono, taratibu,
akarudisha ukurasa mmoja nyuma,
akanionyesha kwa kidole: hapa.

Juzi nilipita kwake kumrudishia mwavuli.
Ile sahani iko jikoni, karibu na dirisha.
Anawekea vitunguu.