Mpaka Mpaka

Saa tisa usiku, Februari, mawimbi ya mita tatu,
nami Uxía, msoma ramani wa boti ya forodha,
macho yamenasa kwenye rada
kama nzi kwenye shira.
Mbele yetu nukta ya kijani inarukaruka:
injini nne, taa hakuna.
Nahodha Breixo anasema kimoyomoyo,
kwa sauti inayosikika boti nzima:
Leo. Leo. Leo.

Tangu rasi ya Silleiro hatujamwachia.
Sheria ya kufukuza haina subira:
ukikatisha, hata kwa kunywa kahawa, umekatisha.
Kwa hiyo kahawa imepoa kwenye chupa.
King'ora tulikipiga yeye akiwa bado kwetu,
nami nikaandika saa na dakika, kwa wino,
maana jaji wa Vigo hapendi "takriban".

Tukawafukuza mpaka
mpaka.

Kwenye ramani ni vistari vya zambarau.
Nikachungulia dirishani: hakuna kitu.
Mto Minyo unamwaga tope lake huku na huku,
maji ya Hispania na maji ya Ureno
yanatapisha sawasawa.

"Nahodha, nusu maili."
Kimya.
"Nahodha, robo."
Roi, mwezi wake wa kwanza kazini, akafoka:
"Giza lote hili, nani atajua?"
Mimi, nikamwambia. Mimi na hii kalamu.

Breixo akarudisha wenzo nyuma.
Boti ikakaa chini
kama mtu aliyepewa habari ya msiba.
Tukawasikia wakienda zao, wakicheka,
au ulikuwa upepo.

Kisha nukta ikapinduka.

Breixo alishasukuma wenzo
kabla sijafungua mdomo.
Tukauvuka mstari uleule,
Roi akinitazama kama mwanafunzi
aliyemfuma mwalimu na kosa ubaoni.
Nikaandika: tisa na dakika arobaini na moja, tumeingia.
Sababu: watu majini.
Redioni nikawaambia Wareno maneno hayohayo,
wala sikuongeza.

Walikuwa wawili. Mmoja hata ndevu hajaota.
Vifurushi vilielea ubavuni,
vimefungwa kwa unadhifu, kama vya harusi.
Roi akanyoosha mkono.
"Acha," akasema Breixo.
"Hapa mikono yetu ni ya kuokolea tu."

Kijana akaketi sitahani, blanketi mabegani,
meno yanagongana.
Akaunganisha viganja, akanyoosha vifundo vya mikono
mbele yangu, akageuza uso,
akingoja chuma.

Nikamwekea kikombe.
Kahawa baridi, chungu, ya saa nne zilizopita.
Alikitazama muda mrefu kuliko alivyokinywa.

Pingu alikuja nazo Luteni Quitéria,
pingu zake, kwenye maji yake.
Akasaini kitabu changu,
akahesabu vifurushi kwa tochi,
akauliza kama chupani
kumebaki chochote.