Kodi

Saa nne usiku, Mabibo. Feni nimeizima,
Luku imebaki yuniti mbili.
Nimetandaza hati ya mshahara mezani,
nimepiga mstari katikati ya karatasi:
huku mimi, kule Siwema.

Siwema anaogesha wazee wa watu huko Uswidi.
Mshahara wake nikiuzidisha kwa bei ya benki
unakuwa wangu mara kumi na mbili na chenji.
Nikamwambia. Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Usizidishe kwa benki, kaka. Zidisha kwa nyanya.
Wewe unanunua fungu, na mama anakuongeza moja.
Mimi nyanya yangu inapandishwa mizani peke yake
kama mtoto wa kliniki."

Basi tukaanza upya.
Yeye katika kila mia, thelathini na mbili haioni.
Mimi, tuseme kweli, nakatwa kidogo:
paye, mfuko wa uzeeni, mkopo wa chuo
uliozeeka kuliko ndoa yangu.
"Umeona?" nikasema. "Mnaliwa."
"Naliwa. Lakini nilipojifungua Zuhena
nililipa maegesho tu."

Hapo nikanyamaza, nikakumbuka figo ya baba:
kundi la familia, orodha ya majina,
mjomba Shomvi elfu hamsini, ahadi,
Bi Tausi elfu kumi, taslimu,
na mimi mweka hazina, nasukuma watu kama afisa wa mapato
asiye na kofia wala stakabadhi.
Ile nayo ilikuwa kodi.
Tuliilipa kwa kuoneana haya.

Neno lenyewe linanichezea.
Kiswahili kimewapa serikali na mwenye nyumba jina moja
kama mapacha waliolelewa nyumba mbili.
Mtu akibisha na kusema, "Nimefuata kodi,"
kwanza unamtazama miguu: viatu au kandambili?
Siwema anasema kule ni maneno mawili, hayajuani.
Ya nyumba analipa kila mwezi, hadaiwi miezi sita mbele,
ila nyumba yenyewe aliipangia foleni miaka minne.
"Miaka minne! Ulikuwa unalala wapi?"
Hakujibu. Akauliza dagaa siku hizi kisado bei gani.

Nikamtajia. Nikasikia anatafuna.
"Unakula nini?"
"Mkate."
"Na nini?"
"Na mkate."

Asubuhi ujumbe ukaingia: mwezi wa sita,
ule niliopungukiwa na sikumwomba.
Imekatwa kwao kabla haijawa yake,
imekatwa njiani ilipovuka,
imekatwa kwa wakala pale kona, na tozo juu.
Iliyobaki nimeikunja na zangu za miezi mitano,
nikampelekea Mzee Pazi barazani.
Akalamba kidole, akahesabu mara mbili.
"Kodi imetimia," akasema,
"ila mwakani inapanda."