Nyenje wa Jua

Wa kwanza nilimuunda mezani, Jumapili,
kwa taa ya sola iliyokufa, kikokotoo kutoka duka la Mashimba
na kadi ya harusi, ile inayopiga kinanda ukiifungua.
Transista mbili, rezista, kapasita kama punje ya mtama,
msumari uliopashwa jikoni badala ya pasi ya kulehemu.
Sikumpa betri. Nilitaka ale anachokiona.

Nikamtoa nje, nikamweka juu ya jiwe.
Kimya.
Nikamgeuza kidogo, kama mtoto anayesubiriwa acheue,
tii, akasema. Tii. Tii-tii-tii,
na jogoo wa jirani akaacha alichokuwa akikisema.

Hapa Igombe kila kitu kina kazi.
Jiwe ni la kuanikia, kamba ya nguo ni ya nyavu pia,
mbwa analinda, paka analipwa kwa vichwa vya sato.
Basi wakaniuliza, na haki wanayo:
"Karani, hicho kidude kinafanya nini?"
Kinalia.
"Kinalia kwa sababu gani?"
Kwa sababu kuna jua.
Wakatazamana kwa ule upole wa msibani.

Mchana kutwa nahesabu magunia ya wengine:
kilo, debe, kilo, ushuru.
Sijawahi kuandika kwenye daftari lile
kitu kisicho na bei.
Usiku nafungua redio za marehemu,
nasoma rangi tumboni mwa rezista,
kahawia, nyeusi, nyekundu,
kama mtu anayesoma shanga za bibi asiyemjua.

Kufika masika nilikuwa nao saba.
Mmoja analia kama chura mwenye mafua.
Mmoja anapanda, anapanda, halafu anasahau.
Yule wa kadi ya harusi bado ndiye wa kwanza kuamka.

Ni Nyanzobe aliyegundua.
Dagaa zake zimetandazwa, fedha tupu, jabali zima,
mbingu nyeupe tu, hakuna wingu la kunyooshea kidole,
na wale saba wakaanza kushuka,
tii...
tiii...
"Anueni!" akapiga ukelele. "Nyenje wanafifia!"
Turubai zikawahi kabla ya tone.
Ng'ambo ya mawe, wasio na nyenje,
waliuza chakula cha kuku wiki nzima.

Tangu siku hiyo nina heshima.
Naletewa redio mbovu, simu zilizozama, vipande vya risasi
vimefungwa kwenye kitambaa kama mahari.
Mwenyekiti wa mwalo ameagiza kumi na wawili,
wenye sauti kubwa, inayofanana,
wasiwe na michezo.
Nimewatengeneza. Nimelipwa.
Nimeandika bei daftarini, kwa mkono uleule.

Kisha nikatengeneza mmoja zaidi.
Nikapanda nao ule mkweo wa nyuma ya zahanati
hadi pale mawe mawili yanapoegemeana bila kupatana,
nikamsukumiza ufani kwa kijiti.
Jua humfikia humo saa kumi na dakika tano,
humwacha saa kumi na robo.
Dakika kumi.
Hamwonyi mtu. Hamwamshi mtu.
Kuna mjusi mmoja tu, mwekundu kifuani,
hutikisa kichwa kukubali,
ila yeye hukubali kila kitu.